Mkristo na Meza ya Karata

Yamkini wako wasomaji watakaoshangaa kuona gazeti la Kikatoliki likizungumza habari za karata. Watauliza: Je, penye meza ya kamari pana neno gani la kumfaa Mkristo? Twawajibu kwa Injili yenyewe. Katika sura ya 16 ya Mtakatifu Luka, Bwana wetu alitoa mfano wa wakili mdhalimu, aliyefuja mali ya tajiri wake, kisha akatumia werevu kujipatia marafiki kabla ya kuondolewa kazini. Udhalimu wake haukusifiwa; kilichosifiwa ni bidii na akili yake. Nasi twaonywa hapo kwamba watu wa dunia huyashughulikia mambo yao kwa werevu kuliko wana wa nuru wanavyoyashughulikia ya kwao.

Basi na tuutazame leo mchezo mmoja wa watu wa dunia, uitwao poka, uliokua Marekani katika karne ya 19 na sasa wajulikana ulimwenguni kote. Huchezwa kwa karata 52. Katika namna yake ya zamani kila mchezaji hupewa karata 5, akazificha machoni pa wenzake. Wachezaji huweka dau kwa zamu. Anayeona dau limemshinda hutupa karata zake na kupoteza alichokwisha kuweka. Wanaobaki hufunua, na mwenye karata bora huchukua fedha zote zilizo mezani.

Fundisho la kwanza lahusu kile tunachopewa. Hakuna mchezaji anayejichagulia karata. Wenye hesabu wametuonyesha kwamba katika karata 52 yaweza kupatikana mafungu 2,598,960 ya karata tano tano. Fungu lililo bora kuliko yote lapatikana kwa njia 4 tu. Lakini mafungu 1,302,540, yaani zaidi kidogo ya nusu, ni duni kabisa, hayana hata jozi moja. Mchezaji hodari ayajua hayo, wala hapotezi usiku wake kumnung'unikia mgawaji. Hujiuliza tu: Kwa hizi nilizo nazo, nifanye nini?

Je, sisi twafanyaje? Mmoja kazaliwa katika nyumba ya shibe, mwenzake katika nyumba ya njaa; mmoja ana afya, mwingine augua tangu utotoni. Mara nyingi twautazama mkono wa jirani na kuuhusudu, hata tukasahau kuutumia wetu. Hatusemi kwamba mnyonge anyamaze mbele ya dhuluma. Kudai haki kwa njia njema nako ni kuzitumia vema karata ngumu. Twasema kwamba uhai wetu hatukugawiwa na bahati nasibu, bali tumeupokea kwa Baba. Katika mfano wa talanta, yule mtumishi wa mwisho hakuhukumiwa kwa sababu alipewa talanta moja, bali kwa sababu aliifukia.

Fundisho la pili lahusu hadaa. Katika poka, mtu asiye na kitu mkononi aweza kuweka dau kubwa kwa uso mkavu, ili wenzake waogope na kutupa karata zao. Mezani jambo hilo ni sehemu ya mchezo, na kila mmoja alijua alipoketi. Ole wetu tukiuleta mchezo huo kanisani! Mtu hupiga magoti Jumapili mbele ya watu wote, na Jumatatu akampiga mkewe. Mwingine huongoza sala jumuiyani, na kibarua wake hajalipwa mwezi wa pili huu. Jirani aweza kudanganyika, na padri pia. Mwenyezi Mungu huziona karata zetu hata zikiwa zimefunikwa.

Ndiyo maana tumepewa Sakramenti ya Kitubio. Hapo mtu huziweka karata zake wazi, mbaya zote, bila kuficha hata moja. Mezani pa kamari, afunuaye mkono mtupu hushindwa. Mbele ya Mungu, afunuaye mkono mtupu kwa majuto ya kweli husamehewa na kuinuliwa.

Fundisho la tatu ndilo kubwa. Iko saa ambapo mchezaji wa poka husukuma mbele vyote alivyo navyo. Tangu hapo hana akiba wala njia ya kurudi nyuma. Twamwona mjinga, na mara nyingi ni mjinga kweli, lakini anatuaibisha. Yeye huweka yote kwa ajili ya fedha itakayokwisha, nasi kwa ajili ya uzima wa milele twaweka senti zisizotuuma. Twampa Mungu saa iliyobaki, sadaka iliyobaki, uzee uliobaki. Mjane wa Injili alitoa senti mbili, na hizo ndizo zilizokuwa riziki yake yote. Kijana tajiri alitaka kumfuata Bwana na kuishika mali yake pia, akaondoka kwa huzuni. Mshika mbili moja humponyoka.

Mtu aliyezijua meza zote mbili ni Mtakatifu Kamili wa Lellis, ambaye kwao Italia aliitwa Camillo de Lellis. Alizaliwa Bucchianico mwaka 1550, akawa askari, na kamari ikamtawala. Katika hospitali ya San Giacomo mjini Roma, alikokwenda kwa ajili ya kidonda cha mguu na kupewa kazi, alifukuzwa, na kamari ilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 1574, mjini Napoli, alipoteza kila kitu, akawa ombaomba. Akapata kibarua cha ujenzi kwa Wakapuchini wa Manfredonia, na tarehe 2 Februari 1575 akaongoka.

Hakugeuka nusu. Alirudi kuwahudumia wagonjwa katika hospitali ileile, akapadrishwa mwaka 1584, akaanzisha shirika ambalo watawa wake huweka nadhiri ya nne: kuwahudumia wagonjwa hata kwa hatari ya kufa. Kidonda chake hakikupona hadi alipofariki mwaka 1614. Leo huko Karungu, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, ipo hospitali yenye jina la mcheza kamari huyo wa zamani.

Lakini tusichanganye meza hizi mbili. Katika kamari faida ya mmoja ni hasara ya mwenzake. Katika Ufalme wa Mungu hakuna anayetajirika kwa machozi ya mwingine. Tena, anayejitoa kwa Mungu haitegemei bahati. Amtegemea Yule aliyetangulia kujitoa. Chini ya msalaba askari walipigia kura vazi la Bwana, hali juu yao Yeye alikuwa akiutoa uhai wake wote.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha katika namba 2413 kwamba michezo ya bahati si dhambi kwa yenyewe, bali huwa haramu inapomnyima mtu, au wale wanaomtegemea, mahitaji yao. Tena yaonya kwamba tamaa yake yaweza kuwa utumwa. Siku hizi meza ya kamari imo mfukoni, ndani ya simu. Kijana hubeti matokeo ya mpira kwa fedha ya chakula, na baba kwa karo ya mtoto, kidogo leo, kidogo kesho. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kwa hiyo twawasihi wazazi: mume na mke wajuane mapato na matumizi. Watoto wakicheza karata nyumbani bila fedha, wacheze kwa furaha na haki. Na aliyekwisha kunaswa asijifungie na aibu yake. Amwambie mwenzi wake, amwendee padri, aombe msaada mapema. Mtakatifu Kamili alikuwa hana kitu siku Mungu alipompokea. Hakuna mkono ulio mtupu kiasi cha kukataliwa naye.