Mtoto Utamwachia Nani?

Mdogo wangu, hebu keti kidogo. Najua una haraka, soko halimngoji mtu, lakini hili la mtoto tumelizungukazunguka sana na leo nataka tuliseme waziwazi. Swali mnaniletea kwa sura nyingi, nalo ni lile lile: nikienda kutafuta, mtoto namwachia nani? Mmoja anauza sukuma wiki Kitale mjini, mwingine anapalilia mahindi ya watu huku Kibomet, mwingine ni wa dukani Bungoma na miezi yake mitatu ya likizo ya uzazi inakwisha. Wote mnauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeiba. Haya za nini? Mkono mmoja haulei mwana, na wewe umeachiwa huo mmoja, nao umeshika jembe.

Ninachokugombeza ni kitu kingine. Unatafuta malezi ya bei ya chini hadi unasahau kuuliza hiyo tofauti inalipwa na nani. Maana usipolipa wewe, kuna mtu analipa.

Huyo binti yako wa gredi ya sita, kwa mfano. Siku ya soko unambakiza nyumbani amshike mdogo wake. "Ni siku moja tu kwa wiki, dada." Siku moja katika tano za masomo, mpenzi, na mwalimu hamsubiri. Ikifika Oktoba mahindi yakianza kuvunwa, hiyo moja inakuwa tatu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpa mtoto kazi inayomzuia kwenda shule, ila sikuja kukutisha na sheria. Namwonea huruma yeye. Msichana akishaachwa nyuma na wenzake, anaanza kuona aibu kuinua mkono darasani, na kutoka hapo kuacha shule si mbali. Na yule binamu wa miaka kumi na minne uliyemtoa kijijini kwa ahadi ya kumpeleka kujifunza kushona, cherehani ameiona? Haya, nimenyamaza.

Tuje kwa mama wa mtaani anayelea watoto wa wenzake. Watu humsema vibaya, mimi nasema tumfanyie hesabu kwanza. Tuseme anatoza shilingi 50 kwa siku na ana watoto sita. Hizo ni 300. Toa unga wa uji, makaa, sabuni, maji, kodi ya chumba. Anabaki na nini cha kulisha wake? Ndiyo maana anaongeza watoto hadi wanafika ishirini, nawe unafurahi kwamba bei haijapanda. Rahisi inavunja upishi. Watoto ishirini, chumba kimoja, macho mawili. Wapo wanaozidiwa hadi kuwanywesha watoto dawa ya mafua ili walale. Kwa hivyo ukimchukua wako kila jioni amelegea, hataki kucheza, hataki kula, usije ukaniambia siku hizi amekuwa mtulivu.

Kabla ya kumwacha popote, nenda bila kutoa habari. Usiende asubuhi, sakafu ikiwa imepigwa deki na kila mtu anatabasamu. Nenda saa nane mchana, watoto wamechoka na mlezi amechoka. Angalia ndoo ya maji ina kifuniko au haina, kwa sababu mtoto anayejifunza kusimama huinama akatumbukia kichwa mbele, na maji machache yanatosha. Angalia jiko la makaa liko wapi. Huku kwetu baridi ya Julai inawafanya watu waliingize ndani na kufunga mlango, na hewa yake ya sumu haina harufu. Uliza nani anabaki na watoto yeye akienda chooni. Kisha nyamaza, utazame mtoto mmoja akilia: anaendewa, au anafokewa akiwa pale pale kwenye mkeka?

Ukipata mzuri, mlipe vizuri, tena kwa wakati. Hiyo si hasara. Huko Korogocho, Nairobi, watafiti waliwagawia kina mama vocha za malezi ya watoto, wakawalinganisha na wasiopewa. Matokeo yalichapishwa 2019: waliopewa vocha waliwazidi wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia katika kuwa na kazi. Lililonigusa mimi ni la wanaolea peke yao. Hao walipunguza saa za kazi bila mapato kushuka, maana waliweza kuhamia kazi zenye saa zinazoeleweka. Hebu fikiria, kufika nyumbani kabla ya giza na pesa ni zile zile.

Na chama chenu je? Mnanunuliana sufuria. Sufuria ngapi sasa? Mzunguko mmoja ungenunua magodoro, tangi la maji na lango la kuzuia watoto barabarani kwa huyo mlezi mnayemtegemea nyote, na yeye akubali kutopitisha idadi mliyopatana. Nairobi kuna shirika liitwalo Kidogo linalofanya kazi na walezi wa aina hiyo, linawafunza na kuwasaidia kuboresha vyumba vyao. Nyinyi mnaweza kuanza na lango.

Baba yake naye asikwepe. Katiba, kifungu cha 53, inasema wajibu wa mama na baba kwa mtoto ni sawa, wawe wameoana au la. Malipo ya mlezi yaandike kwenye bajeti ya nyumba, pamoja na kodi na unga, yasitoke kwenye faida yako ya nyanya peke yake.

Wewe wa dukani, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na akupe muda wake nje ya mapumziko ya chakula, jumla isizidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Usimwendee meneja peke yako ukilia. Nendeni watatu.

Halafu kuna kaunti. Katiba ya 2010 iliweka vituo vya kulea watoto mikononi mwa kaunti, pamoja na chekechea. Chekechea tunaziona, lakini zinaanza mtoto akiwa na miaka minne, na saa sita mchana mara nyingi wameshaachiliwa. Miaka ile ya kabla ni yako na Mungu wako. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni. Wanaume huenda kuomba barabara na taa. Wewe nenda ukaombe chumba cha watoto sokoni, chenye maji na choo. Anza kwa kusema unalipa ushuru wa soko, kisha utaje idadi ya watoto wanaolala chini ya meza za soko lenu. Wahesabu mapema. Wako mbebe mgongoni uende naye, na akilia mheshimiwa akihutubia, usitoke nje.