Mfanyakazi Anayetaka Kuwa Rubani

Mara nyingi tunaulizwa kama fundi au karani aweza kujifunza urubani bila kumaliza kiinua mgongo chake chote. Aweza, lakini hesabu itangulie.

Aanze kwa daktari, si chuoni. Rubani wa kulipwa lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na wakuu wa usafiri wa anga. Macho hupimwa, hata kutambua rangi. Miwani haimzuii mtu, kifafa humzuia. Aliyelipa karo kabla ya kupimwa amecheza kamari.

Kisha kuna saa za kuruka. Kanuni za kimataifa zataka saa 40 kwa leseni ya binafsi na 200 kwa ile ya biashara, au 150 kwa mafunzo ya mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Hapo ndipo fedha huteketea, maana kila saa ni mafuta, ndege na mwalimu. Nadharia haichomi mafuta: sheria, hali ya hewa na kushika njia angani zisomwe jioni, mshahara ungali unaingia. Kuruka kufanywe mfululizo. Anayeruka mara moja kwa mwezi husahau, akalipia somo lile lile tena. Karo ilipwe kwa awamu, kwa stakabadhi. Chuo kikifilisika, aliyelipa yote mapema hupanga foleni na wadai wengine.

Wala leseni si ajira. Ile ya juu, ya kuongoza ndege kubwa za abiria, yataka saa 1,500, na wengi huzikusanya kwa kufundisha wengine. Kwa hiyo barua ya kuacha kazi isiandikwe kabla ya kuwekwa akiba ya kulisha nyumba mwaka mzima.