Breki za Mafuta na Raba Zilizolika: Somo kwa Waendesha Baisikeli wa Gisenyi

Katika somo hili nataka kuwaeleza namna ya kutengeneza breki za mafuta zinazobana ringi ya baisikeli, na hasa namna ya kubadilisha raba zake zikiisha kulika. Najua ya kuwa wengi wenu hamjapata kuzishika breki hizi kwa mkono. Baisikeli nyingi za hapa Gisenyi zina breki za fimbo au za waya. Lakini baisikeli zilizokwisha kutumika Ulaya hufika kwetu pia, na mojawapo ililetwa karakanani kwangu na kijana wa mtaa wetu. Ni ya mchezo wa kuruka vikwazo. Haina tandiko la kukalia, magurudumu yake ni manene, na mwenyewe huirusha kutoka jiwe hadi jiwe la volkano bila kuweka mguu chini. Breki zake zilikuwa zimelegea kabisa, naye alikuwa na hakika kwamba mafuta yamekwisha. Nilipozipima niliona kwamba mafuta yako palepale. Kilichokwisha ni raba.

Habari ya breki si mchezo katika mji wetu. Barabara itokayo Musanze hupita Mukamira kwenye baridi, ikafika Mahoko, kisha hushuka mpaka Ziwa Kivu, ambalo liko mita 1460 hivi juu ya usawa wa bahari. Viazi vya Nyabihu na vya milima yetu hushuka kwa njia hiyo, na vingine hushukia juu ya baisikeli. Mwenye igare hukaa mbele, magunia yako nyuma yake, na nyuma ya magunia hakuna kitu ila mlima unaomsukuma.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mtu ana kilo 65, baisikeli kilo 20, na viazi kilo 95. Jumla ni kilo 180. Tuseme anashuka mita 300 za kimo. Zidisha 180 kwa 9.8, kisha kwa 300, nawe utapata jouli 529,000 na zaidi. Akishuka polepole, upepo haumsaidii sana kumzuia, na karibu nguvu yote hiyo sharti igeuke kuwa joto kati ya raba na ringi. Sasa, kuchemsha lita moja ya maji yaliyo na joto la nyuzi 20 kunahitaji jouli 335,000 hivi. Basi mtu huyu akifika ziwani, breki zake zimefanya kazi ya kuchemsha lita moja na nusu ya maji, na kuzidi. Kazi hiyo yote imefanywa na vipande vinne vya raba, kila kimoja kama kidole cha mtoto. Ndiyo maana raba hulika, na ndiyo maana nasema ya kwamba fundi anayeitazama breki asianze kutazama mahali pengine.

Breki zote za ringi ni ndugu. Ile ya fimbo, ambayo wazee wetu waliijua, huvuta raba juu zikabana upande wa ndani wa ringi. Ile ya waya huzibana raba kutoka pande mbili. Hata chukudu ya jirani zetu wa Goma ina breki ya jamii hiyo: ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Mimi siicheki breki ya chukudu. Ikilika, mwenyewe hukata mpira mwingine, akaupigilia, akaenda zake siku ileile.

Breki ya mafuta ya ringi ni changa kuliko hizo. Kiwanda cha Magura cha Ujerumani kilianza kuiuza mwaka 1987, na waruka vikwazo waliipenda kwa kuwa hufunga gurudumu kwa kidole kimoja tu. Lakini kanuni yake ni ya zamani. Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi kutoka 1623 hadi 1662, alionyesha ya kuwa ukikandamiza maji au mafuta yaliyofungiwa ndani ya chombo, mkandamizo huenea sawasawa kila upande. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipewa hataza ya shinikizo la maji lililotumia kanuni hiyohiyo kuinua na kubana vitu vizito.

Kwenye baisikeli mambo huwa hivi. Ukivuta mkono wa breki, pistoni ndogo iliyo kwenye usukani husukuma mafuta. Mafuta hupita katika mpira mwembamba mpaka kwenye silinda mbili, moja kila upande wa ringi, na pistoni za silinda hizo husukuma raba. Tuseme kidole kinavuta kwa nyutoni 50, na mkono wa breki huzidisha nguvu hiyo mara nne. Pistoni ya juu itapata nyutoni 200. Tuseme eneo la pistoni ya juu ni sentimita mraba 1, na kila pistoni ya chini ni sentimita mraba 2. Basi kila raba itabana ringi kwa nyutoni 400.

Lakini hapana faida ya bure. Pistoni ya juu ikienda milimita 8, mafuta yake sharti yagawanyike kwa pistoni mbili za chini, zilizo na eneo la sentimita mraba 4 kwa jumla. Kila moja itasogea milimita 2 tu. Hapa ndipo palipo na siri ya baisikeli ya yule kijana. Raba ikilika milimita 1, nusu ya mwendo wote wa mkono wa breki imepotea. Ikilika milimita 2, mkono utagusa usukani na raba haijagusa ringi. Tena nyingi za breki hizi hazina chombo cha mafuta ya akiba cha kujazia pengo hilo zenyewe, kama ilivyo katika gari. Zimefungwa kabisa. Basi mtu huvuta, huona mkono umelegea, akasema, "Mafuta yamevuja," akaenda kununua mafuta asiyoyahitaji.

Kwa hiyo mimi huanza na ringi. Huipangusa kwa kitambaa safi na spiriti, kisha huweka rula ubavuni mwake pale raba inapobana. Ikiwa ubavu umeingia ndani kama kijiko, ringi imelika. Ringi nyingine huwa na mfereji mdogo au kitundu cha alama. Alama ikifutika, ringi imekwisha. Usiseme, "Bado inazunguka." Upepo ulio ndani ya mpira husukuma ubavu huo kutoka ndani, na ubavu mwembamba unaweza kupasuka ghafula, hasa mteremkoni ambapo breki imeupasha joto. Udongo wetu wa volkano ukichanganyika na mvua huwa kama msasa, nao hula raba na ringi pamoja. Waruka vikwazo hukwaruza ubavu wa ringi kwa grinda ili raba ishike zaidi. Kwao inafaa, maana ringi yao hubadilishwa mara kwa mara, na mteremko wao ni wa jiwe moja. Mchukuzi wa viazi asithubutu. Ringi iliyokwaruzwa itamaliza raba zake upesi sana, na ubavu wake umekwisha kupunguzwa tangu siku ya kwanza.

Ringi ikiwa nzima, tazama raba. Raba mpya ina mifereji usoni. Mifereji ikitoweka, raba imekwisha. Ikiwa mifereji ipo lakini uso unang'aa kama kioo, isugue kidogo kwa msasa. Ukiona vipunje vya chuma vimejichoma ndani yake, vitoe kwa ncha ya pini, la sivyo vitachora ringi.

Kubadilisha ni kazi ya dakika kumi. Toa gurudumu. Kisha, kabla ya kugusa raba, tafuta skrubu ya kurekebisha iliyo kwenye mkono wa breki, uirudishe nyuma mpaka mwisho. Skrubu hiyo ndiyo inayosogeza pistoni mbele kadiri raba inavyolika, nayo katika baisikeli yenye raba kuukuu huwa imezungushwa ndani sana. Fundi asiyeirudisha huona raba mpya ni nene, gurudumu halipiti, naye huanza kuzikata raba kwa kisu! Sasa vuta raba kuukuu kwa vidole. Imeshikwa kwa kubanwa tu, haina parafujo; ikikataa, itegue polepole kwa bisibisi bapa. Pangusa uso wa pistoni, tia raba mpya, sukuma mpaka isikike ikiingia mahali pake. Kama ina mshale, mshale ufuate mzunguko wa gurudumu.

Rudisha gurudumu, vuta mkono wa breki taratibu, utazame kwa macho yako mahali raba inapogusa. Sharti iguse ubavu wa ringi peke yake. Ikipanda juu itasaga tairi mpaka ipasuke. Ikishuka chini itateleza chini ya ringi na kunasa kwenye njiti. Legeza silinda, isogeze, ikaze tena. Breki hizi zina wema mmoja: pistoni husogea kwa mstari ulionyoka, hivyo raba hugusa mahali palepale hata ikilika. Katika breki za waya zenye mikono miwili, raba huzunguka kwa kupinda, na mahali pa kugusa huhama kidogo kidogo kadiri inavyolika. Mwisho, zungusha skrubu ya kurekebisha mpaka mkono wa breki uanze kushika mapema, lakini gurudumu lizunguke bila kukwaruzwa.

Ikiwa umefanya hayo yote na mkono bado unabonyea kama sifongo, na ukiupiga haraka mara tatu nne unakuwa mgumu kidogo, hapo ndipo naamini ya kuwa kuna hewa ndani. Hewa hubonyea, mafuta hayabonyei. Tazama viungo vyote kama vina unyevu wa mafuta, na mpira kama una ufa. Hewa haikuingia bila mlango.

Juu ya mafuta yenyewe nasema kwa mkazo. Breki hizi za Magura hutumia mafuta ya madini, membamba, yaliyotengenezwa kwa ajili yake. Mafuta ya breki ya gari ni kitu kingine kabisa. Niliwahi kuletewa baisikeli ambayo fundi mmoja alikuwa ameitia mafuta ya gari; mipira midogo iliyo ndani, inayozuia mafuta yasipite, ilikuwa imevimba na kulainika, na pistoni hazikurudi tena. Mkono wote wa breki ulitupwa. Mafuta ya kupikia nayo hayafai, kwa kuwa huganda na kunata. Kama huna mafuta yanayostahili, ngoja. Baisikeli isiyokwenda wiki mbili haijamwumiza mtu.

Kutoa hewa, fanya hivi. Toa gurudumu na raba, urudishe skrubu ya kurekebisha nyuma. Ilaze au iinamishe baisikeli hata tundu la mkono wa breki liwe juu kuliko sehemu nyingine yote. Jaza bomba la sindano mafuta, uligonge kwa kidole mpaka mapovu yatoke. Liunganishe na tundu la silinda ya chini, fungua tundu la juu, weka kitambaa, usukume polepole. Mapovu hupanda yenyewe. Kazi yako ni kuyasindikiza. Mafuta yakitoka juu bila povu hata moja, funga juu kwanza, ndipo utoe bomba chini na kufunga huko. Usikaze kwa nguvu za kukazia njumu za lori, maana mikono mingine ya breki ni ya plastiki ngumu. Pangusa kila tone kwa spiriti kabla ya kurudisha raba. Raba iliyonywa mafuta haisafishiki vizuri, itupe.

Wengine wameniuliza kama breki hizi zifungwe kwenye baisikeli za mizigo. Mimi nasema hapana. Si kwamba hazina nguvu, nguvu wanazo. Lakini waya ukikatika Mahoko, kijana aliye kando ya barabara ana waya mwingine mfukoni, na mpira ukipasuka hapo hapana atakayekuwa na mafuta wala bomba la sindano. Hata waendeshaji wa mashindano ya dunia ya barabarani yaliyofanyika Kigali mwezi wa Septemba 2025, ya kwanza katika bara la Afrika, walishuka milima yetu kwa breki za mafuta zinazobana diski, wala si ringi; nao walifuatwa na magari yenye mafundi na magurudumu ya akiba. Mchukuzi wa viazi anafuatwa na viazi vyake tu. Ningemshauri anunue raba nzuri za breki za waya, na ringi za alumini badala ya zile za chuma cha kung'aa, kwa sababu chuma kikilowa mvua raba huteleza juu yake vibaya mno.

Breki ikiisha kutengenezwa, ya mafuta au ya waya, usiipeleke mlimani siku hiyohiyo. Simama kando ya baisikeli, vuta mkono wa breki kwa nguvu zako zote, ukaushikilie huku ukihesabu mpaka thelathini. Ukishuka polepole kuelekea usukani, kuna mahali panapovuja. Ukisimama imara, endesha kwenye barabara tambarare ya kando ya ziwa, usimame mara ishirini, bila mzigo, ili uso wa raba uzoeane na ringi. Kesho yake tazama tena skrubu ya kurekebisha. Raba mpya huwa imekaa, na mara nyingi hudai nusu mzunguko.