Kodi ya Mgeni Nchini Kanada

Ukihamia Kanada na mke na watoto, yakupasa kujua tofauti hii. Punguzo la mapato hupunguza fedha zinazohesabiwa kodi: aliyepata dola 30,000, akalipa walezi wa watoto 3,000 ili aende kazini, huhesabiwa 27,000. Nafuu ya kodi hupunguza kodi yenyewe. Tena iko posho ya kila mwezi ya watoto wasiotimiza miaka 18. Nayo huombwa, haiji yenyewe.

Usidhani asiye na mshahara hahusiki. Mume na mke, kila mmoja apeleke hesabu ya mapato yake kila mwaka kabla ya tarehe 30 Aprili kupita, hata kama hakupata senti moja. Asipopeleka, posho hukatika, nao watoto ndio waumiao. Stakabadhi zitunze miaka 6.