MIZANI YA NCHI NA JINA LAKE

Katika somo hili twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani kuwa ni la mawaziri na wenye mabenki tu, nalo ni jina la nchi katika biashara: vipi nchi hupata sifa ya kuwa pahala pema pa kuweka mali, na vipi sifa hiyo huharibika. Sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutolijua jambo hili. Miji yetu ilijengwa kwa majahazi na kwa kuaminiana. Mwenye mali wa Maskati alimpa nahodha bidhaa zake, kisha akaketi kungoja msimu mwengine, hali hana mkononi ila neno la mtu. Neno hilo likiwa la kweli, jahazi lilirudi mwaka wa pili. Likiwa la uwongo, lilikwenda kutia nanga bandari nyengine.

Nchi nazo hushindana kama maduka ya mtaa mmoja yashindanavyo. Mfanyabiashara mwenye shehena ya kwenda Kampala au Kigali aweza kuipitisha Mombasa, na aweza kuipitisha Dar es Salaam. Hatazami kina cha maji na urefu wa reli tu. Hutazama pia siku ngapi mzigo wake utalala bandarini, ada gani atatozwa, akidhulumiwa atapata wapi haki yake, na je, sheria aliyoikuta leo ndiyo atakayoikuta kesho? Majibu ya masuala haya ndiyo jina la nchi. Serikali yaweza kujenga gati kwa mkopo, lakini jina haliwezi kulikopa.

Sasa, kwa kuwa kila serikali hujisifu, watu walitaka apatikane mtu wa kupima. Mwaka 2003 Benki ya Dunia ilianza kutoa kila mwaka taarifa iliyojulikana kwa jina la Doing Business, ya kupima wepesi wa kufanya biashara. Mpaka mwisho wake ilikuwa ikizipanga nchi na dola 190, ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mambo kumi: kuandikisha kampuni, kupata ruhusa ya kujenga, kuvutiwa umeme, kuandikisha ardhi, kupata mkopo, kulindwa wenye hisa wachache, kulipa kodi, kuingiza na kutoa bidhaa, kutimizwa mikataba mahakamani, na kumaliza mambo ya aliyefilisika. Mawakili, wahasibu na wajuzi wengine waliulizwa masuala, na majibu yao yakageuzwa kuwa nambari.

Insafu yatutaka tuseme kwamba kipimo kile kilileta manufaa. Serikali nyingi zilizokuwa zimelala ziliamka kwa haya ya kuonekana nyuma ya jirani. Hapa Kenya vituo vya Huduma vilianza kufunguliwa mwaka 2013, sheria mpya ya makampuni ikatoka mwaka 2015, na shughuli nyingi za kuandikisha zikahamishiwa katika mtandao. Katika taarifa ya 2015 nchi yetu iliwekwa nafasi ya 136. Katika taarifa ya 2020 ikafika nafasi ya 56. Viongozi wakafurahi, na magazeti yakaandika. Hatusemi kuwa furaha ile haikuwa na msingi wowote. Twasema ilikuwa na kasoro tatu, na kila moja yatupasa kuifahamu.

Kasoro ya kwanza ni mahala pa kupimia. Taarifa ile ilitazama zaidi mji mkubwa wa biashara wa kila nchi, na kwetu sisi ni Nairobi. Mwenye duka la Lamu, mvuvi wa Vanga na mshoni wa Mji wa Kale hawakuwamo katika hisabu.

Kasoro ya pili ni kuwa kipimo kilitegemea sana sheria kama ilivyoandikwa, na kampuni ya mfano ambayo yajua sheria zote na kuzifuata. Na baina ya waraka na meza ya karani pana masafa marefu. Sisi wenyewe tulipata kwenda katika afisi moja, hatutaitaja, kutafuta karatasi ya kiwanja cha madrasa. Ukutani palitundikwa ubao mzuri uliosema kuwa kazi ile ni ya siku chache na malipo yake ni kadha. Tulikwenda na kurudi muda wa miezi mitatu. Kisha tukaambiwa kwa sauti ya chini kuwa wazee wa afisi hawajanywa chai. Twakiri mbele ya wasomaji wetu kuwa tulitoa, na karatasi tukaipata siku ya pili yake. Tukajiambia kuwa tumefanya kwa maslaha ya watoto, na hali twajua kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji rushwa pamoja na mpokeaji. Lau mpimaji angalikuja siku ile kuusoma ubao ule, angaliipa afisi alama nzuri, na yote yaliyoandikwa juu yake yangalikuwa kweli.

Kasoro ya tatu ni yale yaliyoachwa nje ya mizani. Wenyewe waandishi wa taarifa walisema kuwa hawapimi kuenea kwa rushwa, wala usalama, wala ukubwa wa soko. Tena haikupima kama watu huulizwa kabla ya kuamriwa. Mfano wa karibu nasi ni huu. Agosti 2019 lilitoka agizo kuwa mizigo yote ya kutoka ng'ambo iendayo Nairobi na mbele yake ichukuliwe kwa reli mpya. Wenye malori, mawakala wa kutoa mizigo, wenye yadi za makontena na mama wauzao chakula kandokando ya njia waliona riziki yao ikihamishwa kwa kalamu. Watu wakatoka kuandamana Mombasa Jumatatu baada ya Jumatatu. Na katika Oktoba ya mwaka ule ule ndipo ilipotangazwa kuwa Kenya imepanda mpaka nafasi ya 56. Novemba 2020 Mahakama Kuu mjini Mombasa ilikata kuwa agizo lile halikuwa halali, na Septemba 2022 Rais mpya akaamuru kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Mfanyabiashara wa mbali aliyatazama haya yote akajiuliza: nchi ambayo njia ya mzigo hugeuzwa, ikakatazwa, kisha ikageuzwa tena, mimi nitafanyaje hisabu yangu ya miaka kumi?

Hayo ni kasoro za kilichopimwa. Yaliyokuja baadaye yalikuwa makubwa zaidi, kwani ilidhihirika kuwa mizani yenyewe ilichezewa. Agosti 2020 Benki ya Dunia iliisimamisha taarifa ile ili hisabu zake zichunguzwe. Disemba mwaka huo ikatangazwa kuwa nambari za nchi nne zilikuwa zimeingiliwa. China katika taarifa ya 2018 iliwekwa nafasi ya 78, na haki yake ilikuwa 85. Saudia katika taarifa ya 2020 iliwekwa 62, na haki yake ni 63. Azerbaijan ilidhulumiwa, ikawekwa 34 na haki yake ni 28. Falme za Kiarabu nambari zao ziliguswa, lakini nafasi yao ya 16 haikubadilika. Septemba 2021 ikatoka ripoti ya mawakili waliopewa kazi ya kuchunguza, ikasema kuwa wakati nambari za China zilipobadilishwa Benki ilikuwa ikitafuta kuongezewa rasilmali na dola wanachama, na kwamba mkazo ulitoka kwa wakubwa wa Benki yenyewe. Aliyetajwa miongoni mwao alikana, na mwezi uliofuata bodi ya Shirika la Fedha la Kimataifa, alikokuwa akiongoza, ikasema bado ina imani naye. Lakini taarifa yenyewe haikusalimika: ilifutwa Septemba ile ile, baada ya miaka kama kumi na minane.

Tena lilidhihirika jambo jengine. Benki ile ile iliyokuwa ikipima, ilikuwa pia ikiziuzia serikali ushauri wa namna ya kurekebisha mambo yao. Wanavyuoni wetu katika mlango wa ushahidi wamesema tangu zamani kuwa ushahidi wa mtu anayejivutia manufaa kwa ushahidi wake haukubaliwi, hata akiwa ni mtu mwema, kwa sababu ya tuhuma. Hapa pana ilimu ambayo wakubwa wa dunia, pamoja na vyuo vyao vyote, waliisahau. Anayepima asiwe na bidhaa ya kumuuzia anayepimwa.

Wala hatutaficha kuwa miongoni mwa nchi zile nne, tatu ni nchi za watu wengi Waislamu, mojawapo ndiyo tunayoelekea tukisali. Hatujui kuwa wenyewe waliomba kufanyiwa hivyo, wala hatumtuhumu mtu bila ushahidi. Ila twasema kuwa umma ulioteremshiwa sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo, ulipasa kuwa wa kwanza kuona uchungu jina lake likitajwa katika habari ya mizani iliyochezewa.

Waswahili wamesema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hebu tutazame chema kinavyojiuza. Singapore ni kisiwa kama Mombasa, na riziki yake kubwa ilitoka bandarini kama yetu. Katika taarifa zile ilishika nafasi ya kwanza miaka kumi mfululizo, kutoka ile ya 2007 mpaka ile ya 2016. Lakini jina lake halikuanzia hapo. Idara ya kupambana na rushwa iliundwa huko mwaka 1952, chini ya Waingereza, na mwaka 1960 serikali ya wenyeji ikatoa sheria kali ya kuipa nguvu. Na taarifa ile ilipokwisha kufutwa, jina la Singapore halikufutika nayo. Oktoba 2024 S. Iswaran, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, alihukumiwa kifungo cha miezi kumi na miwili kwa kupokea zawadi kutoka kwa watu aliokuwa na shughuli nao za kiserikali, na kwa kuzuia njia ya sheria. Zawadi zenyewe ni tiketi za michezo na maonyesho, ulevi, na baisikeli. Hatusemi kila la Singapore ni la kuigwa. Uhuru wa kusema huko ni mdogo, na sisi hatuutaki udogo huo. Lakini nchi iliyomfunga waziri kwa tiketi na baisikeli imemwambia mfanyabiashara neno ambalo tangazo haliwezi kulisema.

Huenda mtu akasema: "Nyinyi mwaidhuru nchi. Wageni wenye mali wakisoma aibu zetu watakwenda kwa jirani. Si bora tusitiri, tupambe, mali iingie kwanza, kisha tutengeneze?" Jawabu yetu ni kuwa kusitiri aibu ya mtu ni jambo jema, lakini kusitiri kasoro ya bidhaa inayouzwa ni hadaa, na tofauti hii yajulikana na kila mwanafunzi aliyesoma mlango wa biashara. Tena pambo hilo halimdanganyi mgeni mwenye akili, kwani yeye ana mawakili na wahasibu, na huuliza waliomtangulia. Anayedanganyika ni mwenyeji mdogo, aambiwaye kuwa mambo ni mazuri, na yeye bado yuko katika foleni. Kwa hivyo gharama ya sifa ya uwongo hulipwa na maskini wa nchi kwanza.

Benki ya Dunia yenyewe imejifundisha kitu. Oktoba 2024 ilitoa kipimo kipya, kikianza na nchi 50, ambacho hakitazami sheria iliyoandikwa peke yake, bali pia huduma inayotolewa kweli, na huwauliza wenye makampuni wenyewe yanayowapata. Hiyo ni hatua njema. Lakini twawaonya wakubwa wetu wasikifanye nacho kuwa ni cha kukimbiliwa.

Faida za somo hili ni tatu. Ya kwanza: nambari ni shahidi tu, na anayemshughulikia shahidi akaliacha jambo lenyewe hupoteza yote mawili. Ya pili: jina la nchi hujengwa kwenye meza ya karani mdogo kabla ya kujengwa mbele ya wageni. Serikali itakayotaka sifa na ianze kwa mtu asiyekuwa na wakili, ipokee karatasi yake, impe jawabu kwa siku zilizoandikwa ukutani. Ya tatu, nayo ni nzito juu yetu: nchi si serikali peke yake. Mwenye duka anayeficha nguo yenye dosari chini ya nguo nzima, wakala anayempa mteja risiti mbili, na shekhe anayetoa chai kwa ajili ya kiwanja cha madrasa, wote wametia mkono katika mizani.

Mtume wetu (S.A.W.) aliitwa Al-Amin na watu wa Makka kabla hajapewa utume, na kwa jina hilo Bibi Khadija alimkabidhi mali yake aende nayo Sham. Hakwenda kwa mtu kuliomba jina lile. Alilipata sokoni, siku baada ya siku, na hata waliomfanyia uadui baadaye hawakuweza kumvua.

Wabillahi tawfiq.