Dondoo Muhimu: Visanduku Vikuukuu vya Biti za Kekee
Aliyeingiwa na shauku ya kukusanya visanduku vya chuma vya biti za kekee, vile vyenye chapa ya Huot wa St. Paul, Minnesota, au Cleveland Twist Drill wa Ohio, asihadaike na rangi ing'aayo kabla hajafungua kifuniko, akazijaribu bawaba na kuhakikisha kwamba nambari zilizo kando ya matundu zingali zasomeka. Seti ya inchi, tangu 1/16 hadi 1/2 kwa hatua za 1/64, sharti itimie biti 29; ya herufi, 26. Kutu ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta. Kupaka rangi upya, kwa rai yangu, ni uharibifu. Aghalabu tundu hukaliwa na biti isiyo yake, basi kila shina lipimwe kwa maikromita kabla bei haijakatwa.