Mashine Mpya ya Kupima Damu: Ya Kufanya na Kutofanya Kabla ya Kuiamini

FANYA

Pima damu za wagonjwa wako. Sampuli zisipungue 40, zipite mashine ya zamani na mpya ndani ya saa chache. Chagua ngumu: mtoto wa selimundu, mjamzito mwenye damu gramu 5, mgonjwa wa saratani ya damu. Damu za watumishi wazima hazikufunzi kitu. Mashine yoyote huzipatia.

Rudia. Sampuli ileile mara 10 mfululizo, kisha kontroli mara 5 kwa siku, siku 5. Mashine isiyokubaliana na yenyewe, irudishe.

Kagua mabaki. Pitisha mara 3 sampuli yenye chembe nyeupe nyingi, kisha mara 3 yenye chache. Katika hizo chache, jibu la kwanza likilizidi la tatu waziwazi, damu ya mgonjwa mmoja inaingia kwenye majibu ya mwingine.

Linganisha na darubini. Nimewahi kupokea jibu la chembe sahani 18 la mtoto aliyekuwa anakimbia koridoni, hana hata doa la damu kwenye ngozi. Wodini walikwishaanza kutafuta chembe za kumwongezea! Nikatandaza tone kwenye kioo, nikalipaka rangi. Zilikuwepo tele, zimeshikana mafungu mafungu pembezoni. Dawa iliyomo kwenye kichupa cha zambarau ndiyo iliyozishikanisha. Tukatoa damu nyingine kwenye kichupa cha sitreti, tukazidisha jibu kwa 1.1. Tukapata 210.

USIFANYE

Usisaini mapokezi kwa kutegemea karatasi za kiwandani. Huko hakuna joto lako wala umeme wako unaokatika.

Usimwachie mzabuni achague sampuli. Yeye anauza.

Usitumie damu iliyolala mezani siku mbili. Chembe nyekundu hufura, nawe utailaumu mashine bure.

Usisawazishe mashine kwa kontroli. Kontroli ni ya kukagua. Ukiitumia kusawazishia, umempa mwanafunzi mtihani pamoja na majibu yake.

Usipuuze alama za tahadhari. Chembe nyekundu changa zenye kiini, za kawaida kwa watoto wa selimundu, mashine nyingi huzihesabu kuwa nyeupe. Daktari ataona maambukizi yasiyokuwepo.

Usikubali mashine, hata ya msaada, kabla ya kujua bei ya vitendanishi. Nyingi hukataa vya kampuni nyingine. Uliza vinachukua siku ngapi kufika, na nani atapokea simu Jumamosi usiku.